Baina ya Shughuli na Shughuli: Vyama vya Taarabu vya Unguja na Kazi ya Mazoezi

Mtu anayehudhuria taarabu huiona kazi ikiwa imekwisha kamilika. Wapiga fidla wamekaa kwa safu, kanuni iko mbele ya mpigaji wake, mwimbaji amesimama, na wasikilizaji wanainuka mmoja mmoja kwenda kumtunza. Usiku ule ukipita, huenda wiki kadhaa zikapita kabla kikundi kile hakijaalikwa tena katika arusi au sikukuu. Katika muda huo wapigaji hurudi kwenye kazi zao za mchana, kwani wengi wao hawaishi kwa muziki. Basi ni jambo gani linalozuia vidole vyao visisahau, na masikio yao yasizoee makosa?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kutazama historia ya vyama vya taarabu vya Unguja, na hasa Ikhwani Safaa, chama kilichoundwa mwaka 1905. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kilikuwa chama cha watu wa ridhaa, yaani watu waliopiga muziki kwa mapenzi na si kwa mshahara. Pili, kilianza kwa kupiga nyimbo za watu wengine. Wanamuziki wa miji yetu huiita kazi hiyo "kupiga kopi", na mara nyingi neno hilo hutamkwa kwa dharau. Tutajaribu kuonyesha kwamba dharau hiyo haina msingi mkubwa, na kwamba kopi iliyofanyiwa mazoezi ya kweli ndiyo iliyozaa muziki ambao leo twauita wetu.

Asili ya chama

Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alileta wanamuziki kutoka Misri wamtumbuize katika jumba lake, na kwamba alimpeleka huko Mohamed bin Ibrahim akajifunze kupiga kanuni. Aliporudi, kijana huyo aliwafundisha wenzake. Muziki wa namna hiyo ulikuwa wa jumba la mfalme. Mpigaji alikuwa na bwana wake, na bwana alipotaka kusikia, mpigaji alipiga.

Ikhwani Safaa ilikuwa jambo jingine. Hapa vijana wa mjini walikusanyika wenyewe, wakawa na chama chao na mahali pao pa kukutania. Jina walilolichagua lastahili kuangaliwa na sisi walimu. Ikhwan al-Safa, yaani Ndugu wa Usafi, walikuwa wanazuoni wa Basra wa karne ya 10 walioandika risala nyingi juu ya elimu mbalimbali, na mojawapo ya risala hizo yahusu muziki. Jina hilo latukumbusha kwamba muziki umepata kuhesabiwa miongoni mwa elimu, na elimu haingoji siku ya sherehe.

Tofauti hii baina ya jumba na chama ndiyo ufunguo wa yote yafuatayo. Mpigaji wa jumbani alinolewa na amri. Mpigaji wa chama hana mtu wa kumwamuru. Asipokuja mazoezini hakuna atakayemkata mshahara, kwa kuwa mshahara haupo. Kwa hiyo chama cha ridhaa lazima kitafute njia nyingine ya kuwafanya watu waje, tena waje hata katika miezi ambayo hakuna shughuli yoyote mbele yao.

Shule ya santuri

Nyimbo za mwanzo za Ikhwani Safaa ziliimbwa kwa Kiarabu, na zilitoka Misri. Zilifikaje? Mwanzoni zilifika kwa midomo ya watu na kwa safari; baadaye kwa sahani za santuri; kisha kwa filamu na redio. Mwaka 1933 ilitoka Misri filamu ya Mohamed Abdel Wahab iitwayo Al-Warda al-Bayda, na mwaka 1936 ikatoka Widad, filamu ya kwanza ya Umm Kulthum. Filamu za Misri zilipoonyeshwa Unguja zilikuwa darasa la pili kwa wanamuziki. Darasa la tatu lilikuwa redio ya Cairo, ambayo kwa miaka mingi ilitangaza tafrija za Umm Kulthum katika usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi.

Yafaa tutafakari ugumu wa kujifunza wimbo kwa njia hizo. Upande mmoja wa sahani ya zamani, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua dakika tatu au nne tu. Wimbo mrefu ulikatwa vipande, ukawekwa pande mbili au juu ya sahani kadhaa. Mwanafunzi alisikia kipande, akainua sindano, akairudisha nyuma, akasikia tena. Filamu ilikuwa na ugumu zaidi, maana haikurudishwa nyuma kwa ajili ya mtu mmoja aliyekosa kushika maneno. Ilimbidi anunue tikiti nyingine. Na redio ilikuwa ngumu kuliko zote, kwani tafrija ikishapita imepita.

Kazi kama hiyo haimudu mtu mmoja. Mmoja aliye na Kiarabu kizuri hushika maneno. Mwingine huzishika nyuzi. Wa tatu huhesabu mapigo ya dumbaki na rika. Kisha hukutana, kila mmoja akatoa alichokipata, wakasahihishana. Hivyo tangu mwanzo wimbo wenyewe haukuweza kupatikana isipokuwa kwa kukutana. Mazoezi hayakuwa matayarisho ya kitu kilichokwisha kuwako. Ndiyo yaliyokifanya kiwako. Nadhani hii ndiyo sababu ya kwanza iliyovifanya vyama hivi viwe na desturi ya kukutana hata pasipo mwaliko.

Sababu zilizo ndani ya muziki wenyewe

Sababu nyingine zimo katika ala na sauti. Tutaje tatu.

Ya kwanza ni kanuni. Ala hii ina nyuzi zipatazo 78, zilizopangwa tatu tatu, kila kundi likitoa sauti moja. Kwa hiyo kila sauti husawazishwa mara tatu, na uzi mmoja ukilegea kundi lote huchafuka. Hewa ya pwani yenye unyevu haizihurumii ala za mbao na ngozi. Kanuni iliyowekwa pembeni kwa mwezi mzima ikisubiri arusi haitakuwa tayari siku ya arusi, na mpigaji wake pia hatakuwa tayari, kwa sababu kuisawazisha ni ujuzi unaopotea usipotumiwa.

Ya pili ni mpangilio wa sauti, ambao Waarabu huuita maqam. Katika mipangilio kama rasti na bayati kuna sauti zinazokaa katikati ya zile za kinanda cha kawaida cha Kizungu. Hakuna kibonye cha kuibonyeza ili sauti hiyo itoke. Mpiga fidla hana hata alama juu ya shingo ya ala yake ya kumwonyesha mahali pa kuweka kidole. Sauti ile inakaa ndani ya sikio, na sikio lisilokumbushwa huvutwa polepole na sauti nyingine linazozisikia kila siku. Mpigaji mwenyewe hatambui kwamba amehama. Mwenzake aliyekaa kando yake ndiye anayetambua. Ndiyo maana mtu anayefanya mazoezi peke yake nyumbani, ingawa afanye kwa bidii, hawezi kutosheka. Anahitaji sikio la pili.

Ya tatu ni kupiga kwa pamoja. Kikundi cha zamani cha Kiarabu kiliitwa takht, nacho kilikuwa na watu wachache: udi, kanuni, fidla, nai na rika. Kila mpigaji alikuwa na nafasi ya kupamba mahadhi apendavyo. Tangu miaka ya 1930 makundi ya Misri yalikua yakawa makubwa, na vyama vya Unguja vikafuata mfano huo, vikaongeza fidla nyingi, akodiani na besi. Fidla nyingi hupiga mahadhi yale yale kwa wakati mmoja. Mtu mmoja akichelewa kidogo, au akipamba mahali wengine wasipopamba, kosa lake husikika kwa wote. Basi kadiri kikundi kilivyokua ndivyo kila mmoja alivyozidi kuhitaji kujua wenzake watafanya nini, na jambo hilo halijulikani kwa maelezo bali kwa mazoea.

Klabu na watu wake

Kwa hayo yote ilihitajika nyumba. Katika vyama vya namna hii ala kubwa aghalabu ni mali ya chama, nazo hukaa klabuni. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Anayetaka kupiga hana budi kwenda klabuni, na akienda huwakuta wenzake. Watu huja jioni baada ya kazi. Wengine huja kupiga, wengine huja kuzungumza na kusikiliza. Kijana hukaa pembeni, akatazama, akapewa rika au akaruhusiwa kuitikia pamoja na waitikiaji, na baada ya muda akaijua kazi bila ya kuwa na siku ambayo mtu aweza kusema, "Leo ndipo alipoanza kufundishwa."

Hapa twaona jinsi chama cha ridhaa kilivyolitatua tatizo la kutokuwa na amri. Kilichowavuta watu hakikuwa shughuli ijayo, bali ushirika wenyewe. Kama mazoezi yangekuwa adhabu inayovumiliwa kwa ajili ya onyesho, basi palipokosekana onyesho pangekosekana pia mazoezi. Lakini mazoezi yalikuwa baraza, na mtu wa pwani haulizi faida ya kwenda barazani.

Pamoja na ushirika kulikuwa na ushindani, nao ulifanya kazi yake. Kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kulikuwa Unguja vyama vya wanawake vilivyojulikana sana kwa mashindano yao, kama vile Nuru l-Uyun na Sahib al-Arry, na vingine vilivyojipa majina ya majeshi ya Kiingereza, Royal Navy na Royal Air Force. Wanachama walishona sare, wakatungiana nyimbo za mafumbo, na kila chama kilijitahidi kutokea na wimbo ambao chama kingine hakikuutazamia. Ni dhahiri kwamba anayejua kuwa mpinzani wake anatunga hawezi kulala. Mwaka 1958 kikaundwa Culture Musical Club, na kwa miongo iliyofuata mji ule mmoja ukawa na vyama viwili vikubwa vinavyosikilizana. Chama kinachosikilizwa na chama kingine hupata mkaguzi asiyelipwa.

Kopi inapogeuka kuwa mali

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu zaidi sisi wa lugha. Chama kilichoanza kwa kuimba Kiarabu kilifikaje kwenye Kiswahili?

Mfano mkubwa ulitoka kwa Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri, na ambaye maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert. Kufikia miaka ya 1950 Kiswahili kilikuwa kimetawala taarabu ya Unguja. Lakini mabadiliko hayo hayakuwa ya kuondoa maneno haya na kutia yale tu. Yalidai kazi ya fundi, na kiwanda chake kilikuwa mazoezi.

Mahadhi ya Kimisri yalitungwa kwa ajili ya Kiarabu, lugha yenye irabu ndefu na fupi. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Kina mkazo, nao kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuchukue neno "nakupenda". Mkazo uko kwenye "pe". Mahadhi yakitia uzito mkubwa juu ya "nda", msikilizaji huhisi neno limepinda, ingawa hawezi kueleza sababu. Zaidi ya hayo, wimbo wa Kiswahili huja na sheria zake: kwa kawaida ubeti una mistari mitatu, kila mstari una vipande viwili vya mizani 8, na vina vyake vinadai kusikika. Mahadhi yaliyokuwa yakitiririka kwa uhuru yalipaswa kukatwa yalingane na vipande hivyo, na ala zikapewa nafasi ya kujibu baina ya ubeti na ubeti, pale mwimbaji anapopumzika.

Haya hayawezi kufanywa juu ya karatasi. Mtunzi huleta shairi, mwimbaji hulijaribu, mahali fulani pumzi inakatika kabla ya kina, mpiga udi anapendekeza mahadhi yashuke mapema, wote wanarudia. Huenda usiku mzima ukapita kwa ubeti mmoja. Wanaofanya hivyo mara nyingi, mwishowe hawaazimi tena mahadhi; wamekwisha jua jinsi mahadhi yanavyojengwa, wakajenga yao. Kopi ilikuwa ngazi, nao waliipanda kwa sababu walikuwa na usiku mwingi usio na shughuli.

Jambo kama hilo lilitokea pia Mombasa, kwa chimbuko jingine. Huko Juma Bhalo alipata sifa kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya Ahmad Nassir, katika mahadhi yaliyotokana na filamu za Kihindi. Wapo waliomlaumu kwa kuazima. Hata hivyo wasikilizaji wa pwani waliyapokea mashairi yale kuwa yao, kwa kuwa Kiswahili chake kilikaa sawasawa ndani ya mahadhi. Azima iliyoshonwa vizuri haionyeshi mshono.

Mabadiliko ya baadaye

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 shughuli za utamaduni Unguja ziliwekwa chini ya uangalizi wa chama na serikali, na mambo mengi ya maisha ya klabu yalibadilika. Ikhwani Safaa ilidumu, na mwaka 2005 ikatimiza miaka 100. Ni vyama vichache vya ridhaa duniani, vya muziki au vya jambo lolote, vinavyofikia umri huo.

Mtihani mkubwa zaidi ulitoka sokoni. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, na hasa katika miaka ya 1990, ilienea taarabu ya kisasa, ambayo East African Melody ni mfano wake mashuhuri. Kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya fidla nyingi, na mara nyingine mwimbaji huimba juu ya muziki uliokwisha rekodiwa. Hatuna haja ya kuilaani taarabu hiyo; imewapa waimbaji, na hasa wanawake, kipato na jina ambalo vyama vya zamani havikuwapa. Lakini lazima tuseme wazi kilichobadilika. Kikundi kinacholipwa kwa onyesho hulipwa kwa onyesho tu. Hakuna anayelipia usiku wa mazoezi. Kwa hiyo usiku ule unakuwa gharama, na gharama hupunguzwa. Na kinanda cha umeme cha kawaida hakihitaji sikio la pili: sauti zake zimekwisha pangwa kiwandani, na zile sauti za katikati za rasti na bayati mara nyingi hazimo. Kijana anayekua akisikia hizo tu hatazikosa zile zilizopotea, kwa sababu hakuzijua.

Mwaka 2002 kilifunguliwa mjini Unguja chuo cha muziki wa nchi za jahazi, Dhow Countries Music Academy, ambako vijana hufundishwa kanuni, udi, fidla na ala nyinginezo. Ni msaada mkubwa. Hata hivyo chuo humpa mtu ujuzi na kumwachilia. Kumweka katika ujuzi huo miaka 30 au 40, bila ya mshahara, ni kazi ya chama. Mwanafunzi hodari akimaliza masomo akakosa mahali pa kupiga kila wiki pamoja na wengine, kanuni yake italegea kama kanuni nyingine yoyote.

Funzo kwa walimu

Huenda msomaji akauliza, habari hizi za fidla na kanuni zinamhusu nini mwalimu wa Kiswahili katika nchi jirani? Zinamhusu sana. Wanafunzi wetu wengi wako katika hali ile ile ya mpigaji wa ridhaa. Wana shughuli yao, nayo ni mtihani, au safari ya pwani, au mgeni aliyefika. Baina ya shughuli na shughuli hawana pa kukitumia Kiswahili, na lugha yao hulegea bila ya wao kutambua, kama sikio la mpiga fidla. Kuwaongezea mitihani ni sawa na kukiongezea chama arusi. Hakutawanoa ikiwa baina ya mitihani hakuna baraza.

Chama cha Kiswahili cha shule chaweza kuwa klabu ya namna hiyo. Wanafunzi na wakutane kwa siku maalumu, hata pasipo tamasha lolote mbele yao. Wauchague wimbo mmoja, waushike maneno yake kwa kusikia na si kwa kusoma, mmoja akimsahihisha mwenziwe mkazo na vina, mpaka wauimbe barabara. Wakishaujua, watunge beti zao katika mizani ile ile na mahadhi yale yale. Watakuwa wamefanya katika muhula mmoja, kwa kiasi kidogo, kazi ambayo Ikhwani Safaa waliifanya kwa nusu karne.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Twaifasiri methali hiyo daima kwa kuangalia tuzo. Tuiangalie pia ile "kwao". Mchezaji yule ana kwao: ana mahali anapojulikana, anapokosea akarekebishwa, anapocheza usiku ambao hakuna mtu wa kumtunza.